Tundu la 2.6 na Waya wa 2.5

Kwenye taya za stripa nyingi, zile koleo za kumenyea waya, zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue na katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji yetu, pamechongwa namba kwa mstari: 0.6, 0.8, 1.0, 1.3, 1.6, 2.0, 2.6. Kwenye roli ya waya iliyo rafu ya pili pameandikwa 2.5. Fundi anayefunga soketi anazitazama namba hizo, anaona jirani wa 2.5 ni 2.6, anautia waya kwenye tundu hilo, anabana, anavuta. Ganda halitoki. Anavuta kwa nguvu zaidi, linanyumbuka kama chingamu na kukatikia njiani, likiacha ukoko kwenye shaba. Anahamia tundu la 1.6. Hapo ganda linatoka safi, ila linatoka pamoja na nyuzi mbili za shaba. Kabla ya saa sita mchana stripa imeshatupwa chini ya begi, meno yamerudi kazini, na muuzaji ameshaitwa mwizi.

Muuzaji hakuiba. Namba ya roli na namba ya taya hazipimi kitu kimoja, na hakuna aliyemwambia fundi hivyo. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja, mtu mzima, namba zile ni za nini. "Za kiwandani hizo, mdogo wangu," akanijibu, akaendelea kumenya kwa meno.

Tukiulizana stripa ipi ni nzuri, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye majina ya kampuni na nchi: ya Mjerumani, ya Mmarekani, ya Mchina. Majina yana uzito wake, nami nitayafikia. Lakini naona swali linaanzia kwenye waya wenyewe, kwa sababu asiyejua unene wa shaba iliyo mkononi mwake ataikata kwa koleo la Kijerumani vilevile anavyoikata kwa wembe.

Basi tuanze na hesabu, ni fupi. Ile 2.5 ya roli ni milimita za mraba. Inapima uso wa shaba unaouona ukiukata waya na kuutazama kwa mbele. Ile 2.6 ya taya ni milimita za kawaida, yaani kipenyo, upana wa tundu kutoka ukingo hadi ukingo. Waya wa 2.5 ulio mzima, wa uzi mmoja mnene, una kipenyo cha milimita 1.78. Ule wa nyuzi saba una uzi mmoja katikati na sita zikiuzunguka, kila mmoja milimita 0.67. Ukiukata, upana wake ni nyuzi tatu zilizopangana, na tatu mara 0.67 ni 2.01. Kwa hiyo tundu lake ni la 2.0. Kwenye tundu la 2.6 makali yanaishia mbali na shaba. Ganda la waya huo lina unene wa milimita 0.8, na hapo linabaki kama 0.3 bila kukatwa pande zote. Ndiyo maana linanyumbuka. Kwenye tundu la 1.6 makali yanaingia ndani ya shaba kwa milimita 0.2 kila upande, na uzi wenyewe una 0.67 tu.

Endelea na waya mwingine uone jambo la kufurahisha. Waya wa 1.5 wa nyuzi saba una nyuzi za 0.53, upana wake ni 1.59, tundu lake ni 1.6. Waya wa 4 una nyuzi za 0.85, upana ni 2.55, na tundu lake ndilo lile la 2.6 lililomtesa fundi wetu. Nyaya zetu tatu za kila siku, wa taa, wa soketi na wa hita, zinaangukia matundu matatu ya mwisho kana kwamba zilipimiwa hapo. Hata zile za uzi mmoja hazina shida: wa 1.5 una kipenyo cha 1.38, hivyo unapita 1.6 na kubakiza utando mwembamba unaochanika wenyewe ukivuta. Wa 2.5, wenye 1.78, unafanya vivyo hivyo kwenye 2.0. Anayeupeleka waya wa 1.5 wa uzi mmoja kwenye tundu la 1.3, kwa kuwa linaonekana kuukaribia zaidi, anauchora pete.

Matundu hayo yametoka mbali. Ni geji za Marekani zilizovalishwa milimita. Mwaka 1857 kampuni ya Brown & Sharpe ya Rhode Island ilipanga unene wa nyaya kwa namba zinazorudi nyuma, kwa kuwa waya huvutwa kupitia tundu moja baada ya jingine, na kadiri unavyovutwa mara nyingi ndivyo unavyokonda. Namba kubwa ni waya mwembamba. Geji 22, 20, 18, 16, 14, 12 na 10 zina vipenyo vya takriban 0.6, 0.8, 1.0, 1.3, 1.6, 2.0 na 2.6. Ni zilezile. Na mwaka huohuo wa 1857, Chicago, ndiko ilikoanzia Klein, kampuni ambayo koleo zake hadi leo zina namba za geji upande mmoja kwa waya wa uzi mmoja na upande wa pili kwa waya wa nyuzi. Tundu moja likiwa na 12 upande huu na 14 upande ule, hakuna kosa la uchapaji: waya wa nyuzi huwa mpana kuliko wa uzi mmoja wenye shaba ileile.

Sisi hatujafunga nyumba kwa geji za Marekani. Tulirithi mfumo wa Waingereza, soketi ya miguu mitatu ya mraba na fyuzi ndani ya plagi, na kabla ya milimita tulikuwa na inchi. Wapo mafundi wa zamani wanaokwambia 3/029 na 7/029, maana yake nyuzi tatu au saba za inchi 0.029 kila mmoja. Ukifungua ukuta wa nyumba ya zamani ukakutana na hizo, uzi mmoja ni milimita 0.74, na nyuzi saba zinataka nafasi ya 2.2. Tundu la 2.0 litazing'ata. Hapo ni afadhali utumie la 2.6 kisha umalizie ukoko kwa kisu kilicholazwa.

Koleo za Ulaya nyingi huandikwa kwa milimita za mraba. Tafuta ile mbili ndogo iliyopanda juu ya mm. Ukiiona, tundu la 2.5 ni la waya wa 2.5 na hadithi imeishia hapo. Usipoiona, chukulia ni kipenyo. Kuna koleo zenye mistari yote miwili, geji juu na milimita chini, na hizo ndizo zinazochanganya zaidi kwa sababu mtu husoma ule mstari unaomfurahisha.

Sasa kuna atakayesema: nyuzi mbili zikikatika kati ya saba, kuna nini? Taa inawaka. Ni swali la haki, na jibu ninalolisikia mara nyingi, kwamba waya "utakonda na kuchemka", halitoshi. Nyuzi tano za 0.67 zinabaki na milimita za mraba 1.76 badala ya karibu 2.5, lakini zinakonda kwa urefu wa milimita chache tu, na shaba nzima iliyo nyuma yake inasaidia kulibeba joto hilo. Mkondo wa feni na televisheni hautajua. Balaa liko kwingine, na liko kimyakimya.

Kwanza, shaba iliyochorwa pete huvunjika pale pale ilipochorwa. Fundi akishafunga skrubu za soketi huzikunja nyaya zile na kuzisukuma ndani ya kisanduku, na kila mkunjo unatafuta mahali dhaifu. Waya wa uzi mmoja ulio na pete unaweza kukunjwa mara mbili ukavumilia, wa tatu ukakatika ndani ya ganda, mahali usipopaona. Pili, skrubu ya terminali iliyobana nyuzi saba ina kitu cha kushika; iliyobana nyuzi tano, nyingine zikiwa zimetawanyika kama ndevu, hulegea mapema. Na kiungo kilicholegea ndicho kinachochoma nyumba. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1, kiasi kisichoonekana hata kwa mita ya kawaida. Pasi na birika zikivuta ampea 13 kupitia hapo, kinatoa joto la wati 17, sawa na pasi ndogo ya kulehemea ya fundi redio, ikiwa imefungiwa ndani ya plastiki. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta ampea 23. Kiungo kilekile sasa kinatoa wati 53.

Kinachoniudhi ni kwamba ukaguzi hauligundui kosa hili. Mita ya kupima uhami inapeleka volti 500 kati ya nyaya na kusoma ganda, si shaba. Kipimo cha mwendelezo kinasema waya umefika upande wa pili, nao kweli umefika, hata kwa uzi mmoja. Karatasi inagongwa muhuri, rangi inapakwa, na pete ile inabaki ukutani ikingoja mtu anunue hita kubwa zaidi. Yule aliyekuwepo wakati waya unamenywa ndiye peke yake aliyekuwa na nafasi ya kuiona.

Kwa hiyo kazi ya stripa ni moja: kukumbuka kina, ili mkono uliochoka saa kumi jioni usilazimike kukumbuka. Soketi moja ya mbili-mbili kwenye mzunguko wa pete ina ncha sita za kumenya. Nyumba ya vyumba vitatu ina ncha mia kadhaa. Hakuna mkono unaokata kina sawa mara mia kadhaa.

Mbadala tulizonazo zinajulikana. Meno hayakati shaba, nayakubali kwa hilo tu. Huvuta ganda likanyumbuka na kuacha ukoko, na yanavunjika. Saidikata ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa kuwa iko mkononi tayari, nayo inategemea kidole kijue kusimama robo milimita kabla ya shaba. Wako wanaoweza. Nimewaona wakifanya kwa mwendo mmoja wa kiganja, safi kabisa, kisha nikaokota maganda waliyotupa na kukuta uzi ndani ya ganda moja katika kila machache. Kiberiti kinalainisha ganda upesi, lakini PVC ina klorini, na ikiungua hutoa moshi wa asidi unaochoma koo na kuacha masizi juu ya shaba. Pia ganda linaloachwa nyuma ya sehemu iliyomenywa huwa limeshaiva. PVC ya nyaya za nyumba imepangiwa shaba isiyozidi nyuzi joto 70. Moto wa kiberiti hauijui namba hiyo.

Kisu ni mada nyingine, na sipendi kukisema vibaya. Kisu kikizungushwa kwenye waya kama mtu anayekata muwa, kinachora pete bila kukosa. Kikilazwa na kusukumwa kuelekea nchani kama mtu anayechonga penseli, hakichori kitu, kwa sababu makali yanakwenda sambamba na shaba. Kwa nyaya nene, za 16 na kuendelea, zinazotoka kwenye mita kuingia meini swichi, kisu kilicholazwa kinashinda stripa nyingi zilizopo sokoni, ambazo matundu yake yanaishia kwenye waya wa 6 au wa 10.

Stripa zenyewe ziko za namna tatu kubwa, na tofauti ni nani anayekumbuka kina.

Ya kwanza ni ya matundu, tuliyoizungumza. Kina kimechongwa kwenye chuma. Haina kitu cha kurekebisha na hivyo haina kitu cha kulegea. Udhaifu wake ni kuchagua tundu vibaya, na kuivuta ikiwa imekaa upande, maana hapo ukingo mmoja wa tundu unakula shaba hata kama namba ni sahihi. Waya ukae katikati, koleo liwe wima kwa waya, ndipo uvute.

Ya pili ina mkato mmoja wa umbo la V na skrubu ndogo ya kuzuia taya zisifunge zaidi ya pale ulipopanga. Knipex wa Wuppertal, ambao wako kwenye koleo tangu 1882, wanaitengeneza hadi leo, na nakala zake zimejaa kila mahali. Ni nzuri kwa anayemenya waya wa aina moja siku nzima: unapanga skrubu asubuhi kwa kipande cha majaribio, unafunga nati, unasahau. Kwa anayeruka kutoka 1.5 kwenda 4 na kurudi kila dakika tano ni adha. Nati ya bei rahisi hujilegeza yenyewe bila kukupa taarifa, na hapo ndipo nisipoiamini.

Ya tatu ndiyo inayouzwa kwa mbwembwe: unabana mara moja, taya mbili zinakamata ganda, makali yanakata, zinaachana, waya uko uchi. Nyingine zinajipima zenyewe unene bila kuchagua tundu. Ukiwa na kabati la mitambo lenye nyaya laini mia nne, hakuna mjadala, inunue, mkono wako utakushukuru. Lakini nimeona watu wakiinunua kama zana ya kwanza na ya pekee, na hapo nina shaka tatu. Inahisi unene kwa kusukumana na ganda, kwa hiyo ganda likiwa si la kawaida, limekauka kwa uzee au limelainika kwa jua la paa la mabati, inakisia vibaya. Taya zake zinazoshika huacha alama za meno kwenye ganda linalobaki. Na ina springi nyingi na vipande vingi, ambavyo katika nakala za bei rahisi vimetengenezwa kwa chuma laini; ikishakula nyaya mia chache makali yanakuwa butu, na makali butu hayakati ganda bali hulivuta. Kama itabidi ununue ya namna hii, nunua ile ambayo wembe wake unauzwa peke yake ukabadilishwa. Swali hilo moja kwa muuzaji, "wembe wake unapatikana?", linachuja nusu ya meza.

Ganda la nje la kebo ni kazi ya pili kabisa, na stripa ya matundu haikuumbiwa. Kebo bapa, yenye laini, nyutro na erthi uchi katikati, ina siri nzuri. Ukipasua ncha yake kidogo kwa saidikata, ukaushika ule waya wa erthi kwa plaizi na kuuvuta kurudi nyuma, wenyewe unalipasua ganda lote la nje kama zipu, bila kisu kugusa waya wowote wenye rangi. Ukumbuke tu kwamba erthi hiyo ni nyembamba kuliko wenzake, 1.5 kwenye kebo ya 2.5 ya mtindo wa Kiingereza, na kile kipande ulichokivutia kikatwe kwa sababu kimeshanyooshwa. Kebo ya duara, kama ya pampu au ya kurefushia, inataka kile kisu chenye kikamatio na wembe mdogo unaozunguka ndani, ambao kina chake hupangwa kwa skrubu nyuma. Jokari wa Ujerumani ndio waliokifanya kijulikane. Ni zana ndogo, haichukui nafasi, na kwa anayefanya kazi za pampu za visima naiweka mbele ya stripa ya mbwembwe. Kebo ya deraya, yenye nyaya za chuma kuizunguka, ni habari ya msumeno, tuiache.

Urefu wa kumenya nao una wanaoudharau. Viunganishi vya Wago vya mkono wa kufungua, aina ya 221, vile vya kawaida, vinataka milimita 11. Mchoro wake umepigwa ubavuni mwa kiunganishi chenyewe. Ukimenya 7, springi inakamata ganda. Ukimenya 16, shaba inachungulia nje. Stripa yenye rula ndogo iliyochongwa kwenye taya, au kizuizi cha kusogeza, inaondoa kubahatisha, na ni kitu kinachoongeza bei kidogo sana. Ninaipa alama nyingi kuliko rangi ya mipini. Kwenye waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba, fleksi, hata ukimenya vizuri nyuzi hutawanyika chini ya skrubu. Hapo inahitajika ferula, kile kikofia cha bati kinachobanwa juu ya ncha, na koleo lake mahususi. Kuzipaka risasi nyuzi hizo kabla ya kubana skrubu, kama wengi tulivyofundishana, ni kosa, kwa kuwa risasi hukubali kusukumwa polepole na skrubu hulegea yenyewe.

Mipini. Rangi nyekundu na njano haimaanishi kitu. Plastiki iliyochovywa kwa ajili ya kushika vizuri na uhami uliopimwa vinafanana kwa mbali. Zana iliyotengenezwa kwa kiwango cha IEC 60900 huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na imejaribiwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Herufi VDE ni za chama cha wahandisi wa umeme cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1893, na herufi tatu ni rahisi kuchapa kuliko jaribio lolote. Kagua kama uhami unafika karibu na taya na una ukingo wa kuzuia kidole kisiteleze mbele. Lakini hata ya kweli kabisa haikupi ruhusa ya kumenya waya wenye moto. Breka izimwe, testa ithibitishe. Kwa sababu hiyo sioni kama uhami wa volti elfu ndio wa kulipia kwanza kwenye stripa. Kwenye bisibisi na plaizi, ndiyo, lipia.

Mezani kwa muuzaji, usinunue kwa macho. Nenda na vipande viwili vitatu vya waya mfukoni, vile unavyovitumia kweli, maana muuzaji atakupa cha kwake kilicho laini.

"Bosi, hii orijino, Ujerumani."

Usimbishie. Funga taya, iinue juu ya taa, tazama matundu. Yawe duara, nusu mbili zikutane bila moja kupanda juu ya nyingine. Tikisa mipini huku na huku; pini ya kati ikicheza, matundu hayatakutana tena baada ya mwezi. Menya ncha tatu mfululizo, kisha fanya kile ambacho muuzaji hajawahi kuona mteja akifanya: kata ganda lililobaki mbele kidogo ya ulipomenya kwa kisu kilicholazwa, ikunje shaba pale ambapo makali yalipita, utazame chini ya mwanga kama kuna mstari unaong'aa. Hesabu nyuzi. Saba ziwe saba. Kucha ikikwama kwenye mstari, rudisha.

Zoezi hilo lina faida ya pembeni. Ukikwangua uzi kidogo na ndani ukaonekana mweupe, huna shaba, una alumini iliyopakwa shaba, na tatizo lako si stripa tena bali roli nzima. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 61 hivi ya shaba yenye unene uleule, na inavunjika upesi zaidi ikichorwa. Roli nyepesi isivyo kawaida ni dalili ya kwanza, kwa kuwa alumini haifiki hata theluthi moja ya uzito wa shaba.

Kwa wanaofunga sola mambo yanabadilika kidogo. Kebo ya paneli ina maganda mawili, magumu na yenye kuteleza, yaliyotengenezwa kuvumilia jua miaka mingi, na nyuzi zake ni nyingi, nyembamba, zimepakwa bati. Stripa ya nyumba huteleza juu ya maganda hayo au huyatafuna. Kuna stripa za matundu zilizoandikwa 2.5, 4 na 6 kwa ajili ya kebo hizo tu, na zinauzwa pamoja na koleo la kubana viunganishi vya MC4. Anayefunga paneli mara mbili kwa mwaka aazime. Anayeishi kwa hizo anunue, kwa kuwa kiungo kibovu cha mkondo wa moja kwa moja huzaa cheche isiyozimika kirahisi. Waya wa dishi una kifaa chake cha plastiki cha kuzungusha, cha bei ndogo, na hauhitaji aya nzima.

Ukanda wa pwani una kodi yake ya ziada. Stripa nyeusi isiyopakwa kitu, ikilala mwezi mmoja ndani ya begi la turubai Tanga, Mombasa au Unguja, inaamka na kutu kwenye pini na springi. Tone la mafuta ya cherehani linatosha, kisha matundu yapanguswe yasibaki na mafuta, la sivyo ganda linateleza.

Mwanafunzi anayetoka chuoni na pesa ya zana moja namshauri stripa ya matundu yenye 1.6, 2.0 na 2.6, taya zilizokutana, rula ubavuni, na kisu kizuri pembeni. Mwenye kazi za pampu aongeze kile kisu cha duara. Ile ya kujipima yenyewe ije siku kabati la kwanza la mitambo litakapokuja na malipo yake, si kabla.

Na siku ileile ya kuinunua, kabla haijaingia kwenye begi, achukue msumari autie moto, achore kwenye plastiki ya mpini mistari mitatu: 1.5 kwa 1.6, 2.5 kwa 2.0, 4 kwa 2.6. Kijana atakayeshikishwa tochi mwakani akiuliza zile namba ni za nini, zitakuwa zimeandikwa.